Mteja Anaandika Nini Anapokutafuta

Mfugaji wa Chanika anayetaka vifaranga halijui jina la kampuni yako. Anachokijua ni haja yake. Ameshika simu kwa mkono mmoja, anaandika "vifaranga vya sasso bei", anabonyeza, na Google inamletea orodha ya majibu kabla hajameza mate. Kama wewe unatotolesha Sasso pale Kibaha, lakini tovuti yako imejaa "suluhisho bora za ufugaji" na "tunaongoza kwa ubora", hamtakutana. Yeye atanunua kwingine. Wewe utaendelea kulipia tovuti kila mwaka huku ukilalamika kwamba mtandao hauna wateja.

Makala hii ni kwa mwenye tovuti ya kuuza bidhaa au huduma ambaye hana fedha ya kumwajiri mtaalamu. Mfano wangu utakuwa vifaranga, kwa sababu ufugaji wa kuku umeingia kila mahali, kuanzia kwa mstaafu wa Tegeta hadi kwa kijana wa Songea, na kila mmoja ana namna yake ya kuuliza. Mwenye duka la vipuri, chuo cha ushonaji au nyumba za kupangisha atabadilisha majina tu. Kazi ni ile ile.

Kwanza tuifute imani moja ambayo bado inauzwa. Wapo mafundi wa tovuti wanaoahidi "kuweka maneno" nyuma ya ukurasa, mahali ambapo msomaji hapaoni, ili Google ikupandishe. Enzi za mtambo wa utafutaji wa AltaVista, miaka ya 1990, sehemu hiyo iliweza kusaidia. Kisha watu wakaijaza kila neno linalotafutwa sana, hata lisilohusu biashara yao, ikapoteza maana. Septemba 2009 Google ilitangaza waziwazi kwamba haiitumii kabisa katika kupanga matokeo ya utafutaji. Maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, au "vifaranga bora" lililorudiwa mara arobaini kwenye ukurasa mmoja, hayo sera za Google zinayahesabu kuwa udanganyifu, na ukurasa wenye mambo hayo unaweza kushushwa au kuondolewa. Fundi akitaka kukutoza kwa kazi ya namna hiyo, mpe nauli arudi kwao.

Maneno unayoyahitaji tayari unayo. Yako kwenye WhatsApp ya biashara.

Fungua mazungumzo ya miezi michache iliyopita. Kwa kila mteja nakili sentensi yake ya kwanza kwenye daftari kama alivyoiandika, pamoja na makosa yake. Usisahihishe kitu. Utapata mambo kama haya: "Habari boss, vifaranga vipo?" "Dada naomba bei ya kroila wa wiki mbili." "Kuku wangu wanapinda shingo na kuharisha kijani nifanyeje?" "Mnatuma Mbeya?" "Kuku wa mayai wanaanza kutaga wakiwa na miezi mingapi?" "Shamba liko wapi nije kuona kwanza?"

Soma daftari lako likishafika ukurasa wa tatu. Hakuna aliyeuliza habari za ubora, wala suluhisho, wala dira na dhamira ya kampuni. Wameuliza bei, umri, aina, ugonjwa, usafiri na mahali. Hayo ndiyo mashina ya maneno ya utafutaji, maana mtu anapoandika Google huandika kile kile ambacho angemwandikia muuzaji, akiondoa salamu. Tena kazi hii asiifanye mwenye kampuni peke yake. Anayepokea simu, yule dada wa mapokezi au kijana anayepakia vifaranga kwenye maboksi, amesikia maswali mengi kuliko bosi wake. Mkae pamoja nusu saa.

Ukiishiwa na maswali ya wateja wako, nenda kwa wateja wa wengine. Kwenye makundi ya wafugaji ya Facebook, chini ya video za ufugaji za YouTube na kwenye mijadala ya JamiiForums watu wanauliza usiku na mchana. Duka la dawa za mifugo nalo ni shule. Simama pembeni asubuhi moja ya Jumamosi, usikilize mtu anavyomweleza muuzaji ugonjwa ambao hajui jina lake. Hatasema jina la kitaalamu. Atasema "kuku wanazubaa na kushusha mabawa". Maneno hayo hayo ndiyo atakayoyaandika kwenye simu usiku, kuku watatu wakishakufa.

Hapo ndipo unapoona ukubwa wa msamiati wa jambo moja. Ugonjwa ule wa shingo kupinda, mmoja anauita kideri, mwingine mdondo, na muuza dawa anasema Newcastle. Kuku wa kuchanganya damu huku Tanzania huitwa chotara. Mfugaji wa Kenya atakuambia "kienyeji improved", akiwafikiria kuku wa kienyeji walioboreshwa wa aina ile wanaotolewa na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO, pale Naivasha, na mara nyingi ataandika sentensi nzima ya Kiingereza yenye neno "kienyeji" katikati. Kuroiler huandikwa kuroila, kroila, hata kloila. Wa nyama ni broila, au "kuku wa kisasa", na wapo wanaoita "wa kizungu".

Mwandishi makini hujisikia vibaya mbele ya fujo hii. Anataka achague neno moja sanifu alishike mpaka mwisho. Kwa barua ya serikali hilo ni sawa, lakini ukurasa wa tovuti unatakiwa kumpokea kila mwenye kuuliza. Andika: "Kideri, ambacho wengi hukiita mdondo na wauza dawa hukiita Newcastle, huua kundi zima ndani ya siku chache." Sentensi moja imebeba majina matatu na hakuna aliyelazimishwa. Usitengeneze kurasa tatu, moja ya kideri, moja ya mdondo na moja ya Newcastle, zenye maelezo yale yale. Zitashindana zenyewe kwa zenyewe, na msomaji aliyefungua mbili atajiona amechezewa. Makosa ya tahajia kama "kloila" huna haja ya kuyaandika. Yajue tu, ili uelewe mtu anamaanisha nini ukiyaona kwenye ripoti.

Kuna jambo jingine linalokihusu Kiswahili hasa, ambalo miongozo mingi ya mtandaoni hailitaji kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Maneno yetu hubadilika mbele. Kifaranga, vifaranga. Mfugaji, wafugaji, ufugaji, kufuga, nafugaje. Mashine inayolinganisha herufi inaweza kuona kwamba maneno mawili ya Kiingereza yanafanana kwa kuwa yameanza sawa, lakini "kifaranga" na "vifaranga" yanatofautiana tangu herufi ya kwanza. Google ya leo ina akili zaidi ya hiyo, ila sioni sababu ya kuiachia kazi yote. Ukiandika kwa kawaida, umoja na wingi vitajitokeza vyenyewe: kichwa cha habari kikisema "Bei ya vifaranga vya Sasso", aya ya kwanza iseme "kifaranga mmoja wa siku moja ni shilingi kadhaa". Hivyo ndivyo mtu anavyozungumza hata hivyo.

Sasa una daftari lenye maneno themanini au mia, na huwezi kuyaandikia yote. Utachagua vipi?

Mwaka 2002 Andrei Broder, aliyewahi kufanya kazi AltaVista, aliandika makala fupi iliyogawa utafutaji katika mafungu matatu: anayetafuta tovuti fulani anayoijua, anayetafuta maelezo, na anayetaka kufanya jambo, kama kununua au kupakua. Mgawanyo huo umezeeka vizuri. Chukua neno "kuku" peke yake. Aliyeliandika anaweza kuwa mwanafunzi, mpishi, mfugaji au mtu anayetaka picha. Humjui, na hata ukimpata hujui umpe nini. "Dalili za kideri" ni mtu mwenye wasiwasi, anataka maelezo sasa hivi. "Ratiba ya chanjo za kuku chotara" ni mtu mwenye vifaranga mkononi, au anayejiandaa kuvichukua. "Bei ya vifaranga vya Sasso" ameshaamua aina, anapima mfuko. "Vifaranga vya Sasso Kibaha" amebakiza nauli.

Ushauri wangu ni kuanzia mwisho wa safari hiyo, kwa yule aliyebakiza nauli. Wengi hufanya kinyume. Huanza na makala ndefu ya "faida za ufugaji wa kuku", kwa kuwa ni rahisi kuiandika na inaonekana ya kisomi, kisha huishiwa na nguvu kabla ya kuandika ukurasa wa bei. Wanaoandika "vifaranga vya Sasso Kibaha" ni wachache, pengine kumi kwa mwezi. Lakini kumi wanaotaka kununua boksi la vifaranga mia ni biashara, na elfu moja wanaosoma faida za ufugaji halafu wakalala si biashara.

Ukimaliza kurasa za bei na mahali, panda ngazi moja. Hapo chagua maswali ya maelezo ambayo mnunuzi wako ndiye huyauliza. Ratiba ya chanjo inafaa sana. Mtu anayetafuta lini achanje kideri, kwa kawaida kuanzia siku ya saba, na lini achanje Gumboro, karibu siku ya 14, ni mfugaji wa vifaranga kweli. Hakuna mwanafunzi anayeuliza hivyo kwa kujifurahisha. Akikuta ratiba iliyo wazi, yenye maelezo ya kwa nini maji ya bomba yenye dawa ya klorini huiharibu chanjo ya kunywa, atakumbuka nani alimfundisha. Safari ijayo ataagiza kwako.

Kuna kishawishi lazima nikitaje kwa jina lake. Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia, nchi nzima huyatafuta. "Nafasi za kazi" nazo hutafutwa mwaka mzima. Mwenye tovuti ya vifaranga akiona namba hizo hushikwa na tamaa: kwa nini nisiweke ukurasa wa matokeo, wageni waje kwa maelfu? Watakuja, wakipata nafasi ya kukuona miongoni mwa tovuti zote zenye tamaa hiyo hiyo, na wataondoka ndani ya sekunde tano wakiwa wamekasirika. Hesabu ya wageni itapanda na maboksi ya vifaranga yatabaki pale pale. Siwalaumu wanaoishi kwa matangazo. Hiyo ni biashara yao na ina sheria zake. Ila wewe unauza vifaranga.

Tuje kwenye vifaa. Cha kwanza ni bure na kimo ndani ya simu yako: kisanduku cha Google chenyewe. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isikupotoshe, kisha andika "vifaranga vya" uache nafasi. Yatatokea mapendekezo, nayo hutokana na utafutaji halisi wa watu. Ongeza herufi moja: vifaranga vya b, vya k, vya s. Fanya vivyo hivyo kwa "bei ya kuku", "chanjo ya kuku", "jinsi ya kufuga kuku". Hilo la mwisho lina utajiri wa peke yake, kwa kuwa Waswahili wengi hufungua swali kwa "jinsi ya". Shuka mpaka chini ya ukurasa wa matokeo usome orodha ya utafutaji unaohusiana na huo. Kwa saa moja ya kazi hii daftari lako litakuwa limeongezeka mara mbili.

Google Trends, iliyoanza 2006, inaonyesha neno linapanda lini na kushuka lini. Ielewe vizuri: haikupi idadi ya watu, inakupa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha neno hilo kwa kipindi na nchi uliyochagua. Maneno membamba ya Kiswahili mara nyingi hukosa takwimu za kutosha, hivyo jaribu neno pana zaidi, kama "kuku" au "chanjo", uone mwendo wa mwaka. Kichwa chako pia kinajua mengi ambayo kifaa hiki hakitakuambia. Broila huchukua takribani wiki tano hadi sita mpaka kufika sokoni, kwa hiyo anayelenga Krismasi anatafuta vifaranga mwanzoni mwa Novemba. Ukurasa wako wa broila unatakiwa uwe umekamilika Septemba, maana Google nayo inahitaji muda kuuona na kuupima. Sikukuu za Idi husogea kila mwaka kama siku kumi au kumi na moja nyuma; fungua kalenda uhesabu.

Kisha kuna kile kifaa cha kupangia maneno kilichomo ndani ya Google Ads. Unaweza kukitumia bila kununua tangazo, lakini akaunti isiyolipia hupewa makadirio mapana tu, kama 10 hadi 100, au 100 hadi 1,000. Kwa Kiswahili jiandae kukuta maneno mengi hayana kitu. Wengi huishia hapo. Wanasema "hakuna anayetafuta", wanaifuta mistari hiyo, wanarudi kwenye maneno makubwa ya Kiingereza wanakoshindana na dunia nzima. Kosa liko kwenye kusoma namba. Google imekuwa ikieleza kwa miaka mingi kwamba takribani asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni wa maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla. Kama hali ni hiyo kwa lugha zote kwa pamoja, fikiria lugha ambayo mfugaji mmoja anaandika "kroila", mwingine "kuroila", na wa tatu anachanganya Kiingereza katikati. Haja ni moja, imetawanyika katika maandishi ishirini, na kila andishi peke yake linaonekana sifuri. WhatsApp yako ikisema watu wanauliza na kifaa kikisema hawaulizi, iamini WhatsApp.

Kabla ya kuandika ukurasa wowote, litafute neno lenyewe uone nani ameshakaa pale. Hatua hii huchukua dakika mbili na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Matokeo yakiwa ni Wikipedia, magazeti makubwa na taasisi za serikali, achana nalo kwa sasa. Mara nyingi kwa Kiswahili utakuta picha tofauti: mjadala wa miaka kumi iliyopita ambao bei zake zimepitwa na wakati, faili la PDF lililopigwa picha kwa kupinda, video ndefu, na kurasa za Kiingereza zilizoletwa kwa kukosa za Kiswahili. Hiyo ni nafasi tupu. Mtu ameuliza na hakuna aliyemjibu sawasawa. Soma yale yaliyopo, uone yameacha nini: bei ya mwaka huu, picha za kifaranga mwenyewe, jina la mahali, namba ya kupiga. Ukiweza kuyajaza hayo manne, andika ukurasa. Usipoweza kusema zaidi ya walichosema wao, neno hilo si lako.

Majina ya mahali yanastahili uangalifu wake. Mtu wetu hutaja mtaa: Mbagala, Tegeta, Kongowe, Buza. Andika kwenye tovuti shamba liko wapi kwa namna dereva wa bodaboda angeelewa, taja maeneo unayopeleka, na kama vifaranga husafirishwa kwa basi hadi mikoani, sema ni mikoa ipi, vinapakiwa saa ngapi na nani anavipokea. Jisajili kwenye wasifu wa biashara wa Google, ambao ni bure, ili uonekane kwenye ramani. Kwa anayetafuta kitu cha karibu, ramani hujitokeza juu ya matokeo mengine. Jambo moja usilifanye: usitengeneze kurasa thelathini zinazofanana neno kwa neno, ukibadilisha tu Mbeya kuwa Dodoma na Dodoma kuwa Mwanza. Google ina sera inayokataza kurasa za aina hiyo, na hata isingekuwepo, mteja wa Mwanza akigundua kwamba huna mtu Mwanza hatakuamini tena. Mji ambao una la kusema juu yake uupe ukurasa wake. Mingine iingie kwenye orodha moja ya usafirishaji.

Kuliweka neno kwenye ukurasa ni sehemu fupi, na sielewi kwa nini huandikiwa vitabu. Haja moja, ukurasa mmoja. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwa rangi ya buluu kwenye matokeo, kibebe maneno ya mteja mwanzoni, kwa sababu kikiwa kirefu mno huweza kukatwa. "Karibu kwenye tovuti yetu" ni kichwa kilichotupwa bure. "Bei ya vifaranga vya Sasso, Kibaha na mikoani" ni kichwa kinachofanya kazi. Aya ya kwanza ijibu swali papo hapo. Kama ni bei, iandike. Najua wafanyabiashara wengi wanaficha bei wakitaka mteja apige simu. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta "bei ya vifaranga" anakuta ukurasa usio na bei, anarudi nyuma, anamfungua mwenzako. Ukiogopa bei kubadilika, andika tarehe ya bei hiyo. Picha zipewe majina na maelezo yanayoeleweka, "kifaranga wa Sasso wa wiki mbili", badala ya namba zilizotoka kwenye kamera. Baada ya hapo sahau habari za maneno, andika kama unavyomweleza mteja aliyesimama mbele yako.

Wanaouza kwa wageni wa mbali wana kazi ya ziada. Chukua kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani pale Moshi. Kulipigania jina la Kilimanjaro peke yake, kwa Kiingereza, ni kupigana na mashirika makubwa ya utalii ya Ulaya na Marekani, na kwa bajeti ya ofisi yenye meza mbili hutashinda. Njia ni ile ile ya kusogea karibu na swali. Mgeni aliyeamua kupanda tayari anauliza tofauti ya njia za Machame na Lemosho, au kama ni kweli Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, au mvua za Aprili zinaharibu safari kiasi gani. Kiongozi aliyepanda mara nyingi anayajibu hayo bila kufungua kitabu, na anayajibu kwa undani ambao mwandishi aliyeko London hana. Zaidi ya hapo, lugha. Wajerumani wengi huandika Kilimandscharo, na Wafaransa Kilimandjaro. Ukiwa na kiongozi anayejua Kijerumani kweli, kurasa tano nzuri za Kijerumani zinaweza kuwa na washindani wachache kuliko hamsini za Kiingereza. Zikitafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia, afadhali usiziweke. Mtu anayekupa maisha yake kwenye mlima wa mita 5,895 huangalia hata sarufi yako.

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni kuhusu akili mnemba. Tangu Mei 2024 Google ilipoanza Marekani kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, kisha kuusambaza nchi nyingine, maswali mengi ya maelezo hujibiwa pale pale na msomaji habofyi popote. Baadhi ya wenye tovuti wameshikwa na hofu. Mimi naona jambo hili linatia nguvu ule ushauri wa kuanzia kwa mteja aliyebakiza nauli. Muhtasari unaweza kueleza kideri ni nini. Hauwezi kujua kama Alhamisi hii una vifaranga mia tatu vya Kuroiler vya wiki moja, wala basi la Mbeya linapakia saa ngapi. Kwa hiyo maneno yanayoomba habari mpya, ya mahali, yenye bei na tarehe, yamepanda thamani. Yale ya kueleza faida za ufugaji yameshuka, nayo hayakuwa na thamani kubwa hata hapo awali.

Ukurasa ukishakaa hewani, usiuangalie kila asubuhi. Unganisha tovuti na Search Console, kifaa cha bure cha Google, uuache mwezi mmoja au miwili. Kisha fungua ripoti ya utafutaji. Utaona maneno halisi ambayo watu waliandika tovuti yako ikatokea, imetokea mara ngapi, imebofywa mara ngapi, na kwa wastani ilikaa nafasi ya ngapi. Kumbukumbu hufika miezi 16 nyuma, kwa hiyo msimu wa Krismasi uliopita unaweza kuulinganisha na huu. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, hivyo jumla hazitalingana. Usipoteze usiku kuzilinganisha.

Humo tafuta vitu viwili. Kwanza, neno ambalo tovuti yako imetokea mara nyingi na halibofywi. Ukiwa nafasi ya tatu au ya nne na watu wanakupita, kichwa chako hakisemi kile walichouliza. Kibadilishe, usubiri wiki chache. Pili, na hapa ndipo penye faida, neno ambalo hukuliandikia kabisa lakini umetokea nafasi ya 12 au ya 18. Google imekupa nusu ya imani kwa jambo ulilogusia kwa sentensi moja tu. Labda uliandika kwa kupita kwamba unakodisha nafasi kwenye mashine ya kutotolesha, na ripoti inaonyesha watu wa Mlandizi na Bagamoyo wanaandika "kutotoleshewa mayai ya kuku bei". Hukujua kama hiyo ni biashara. Iandikie ukurasa wake: bei kwa trei, mayai yawe na siku ngapi tangu yatagwe, siku 21 za kusubiri, na nani anabeba hasara yasipoanguliwa yote. Weka kiungo kutoka kwenye ukurasa wa vifaranga, na uhakikishe kwanza kwamba mashine ina nafasi.